Tuliapa kutunziana siri, sasa siri iko kwenye kabati la DDA

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi, nina miaka 41, niko hospitali ya mkoa mmoja Tanzania Bara. Naandika nikiwa zamu ya usiku. Wodi imetulia, na jambo lenyewe sijamwambia hata mume wangu.

Tulianza udaktari wasichana 7 korido moja ya hosteli. Darasani tulikuwa wachache, tukashikana. Sanduku la mifupa ya kusomea anatomia tulinunua moja kwa mchango, kila wiki likilala chini ya kitanda cha mtu mwingine. Mwaka wa tatu nikapata ujauzito. Wenzangu walinificha, wakaninakilia notisi, wakaniachia kitanda cha chini. Usiku mmoja tukaweka mikono juu ya lile sanduku tukaapa: la mmoja halivuki mlango huu. Z, nitamwita hivyo, ndiye aliyekwenda kwa mlezi wa wanafunzi kunisemea. Hata hakuniuliza. Nilimnunia wiki nzima, ila nikaruhusiwa kuahirisha mwaka badala ya kupoteza nafasi. Mwanangu huyo mpaka leo anamwita Z mama mkubwa.

Baada ya utarajali tulitawanyika: Mwanza, Mbeya, Dar, mmoja Muscat. Tunachanga shilingi 30,000 kwa mwezi, na kwenye akaunti kuna milioni 9 na ushee. Hakuna aliyefiwa na mzazi tusifike, tena kwa kitenge sare.

Z na mimi tulikutana tena hapa miaka 4 iliyopita. Ni daktari bingwa wa usingizi, mwanamke wa kwanza kuongoza idara hiyo katika hospitali yetu. Tangu Mei akina mama ninaowapasua wanalia kwa maumivu wakitoka chumba cha kuzindukia, wakati faili linasema wamechomwa pethidini, dawa kali ya maumivu ya jamii ya mofini, miligramu 100 nusu saa iliyopita. Mama wa kitanda namba 9 aliniambia, "Daktari, hiyo sindano mimi sijaiona." Nikafungua kitabu cha DDA, yaani cha dawa kali za kulevya zinazofungiwa kabatini na kutolewa kwa saini. Kwa wiki 6, mistari 31 ina saini ya Z, na 19 kati ya hiyo haina saini ya shahidi. Ampuli 4 zimeandikwa "imevunjika".

Jumanne iliyopita nilimkuta chumba cha kubadilishia nguo. Soksi moja kaishusha, sindano ya kipepeo imebandikwa kwa plasta juu ya kifundo cha mguu. Hakupiga kelele. Alisema ni mgongo tu, tangu diski iteleze, ni wiki 3 na anaacha. Kisha akasema, "Uliapa."

Nimewaambia wawili wa kikundi. Wa Muscat anataka tumpeleke kwake mwezi mzima, akapumzike, arudi. Wa Mwanza anasema mficha maradhi kifo humuumbua, niende kwa mganga mfawidhi. Naogopa. Z akianguka watasema wanawake wamepewa idara wakashindwa. Halafu ana binti wa miaka 8, na mume anafanya kazi mbali. Juzi muuguzi mmoja kijana amepewa barua ya kujieleza kuhusu ampuli zisizoonekana.

Nimsaliti mtu aliyenifanya niwe daktari, au ninyamaze?

Mwenye Deni

*

Marahaba, mdogo wangu.

Pole. Umebeba mzigo huu tangu Jumanne, na katikati yake umeendelea kupasua na kuzalisha. Nikikusoma vizuri, mambo yanayokuvuta ni matatu: deni la miaka 20 kwa mtu aliyekushika ulipokuwa unazama, akina mama wanaolia kitandani ukijua kwa nini, na hofu kwamba ukifungua mdomo utakuwa umebomoa nyumba mliyoijenga wote 7. Hakuna hata moja la kudharau.

Niruhusu nianze na kiapo, kwa kuwa ndicho alichokushikia Z, na nadhani ndicho kinachokunyima usingizi. Umeandika kwamba mliapa la mmoja lisivuke mlango. Mistari miwili baadaye umeandika kwamba Z alilivusha. Alikwenda kwa mlezi wa wanafunzi bila kukuuliza, nawe ukamnunia. Sijui kama umewahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Hakulisema bwaloni wala hakuwapa wavulana wa darasa stori. Alimwambia mtu mmoja mwenye uwezo wa kuahirisha mwaka, akabaki na wewe mpaka mwisho. Mimi sina haki ya kukufasiria kiapo chenu. Ninyi 7 ndio mlioweka mikono juu ya lile sanduku. Jiulize tu, usiku ule mlikuwa mnamlinda nani, na dhidi ya nini? Tena mimba yako haikumuumiza mtu wa nje. Hii ya sasa ina mama wa kitanda namba 9.

Hofu yako kuhusu madaktari wanawake naielewa, na ni ya zamani kuliko sisi. Mwaka 1890 wanafunzi wa kike wa udaktari Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walianzisha udada wao wenyewe, Alpha Epsilon Iota, wakati ambapo udugu wa madaktari ulikuwa wa wanaume. Hapa kwetu MEWATA, chama cha madaktari wanawake Tanzania, ilianzishwa 1987. Vyama vya namna hii huzaliwa pale ambapo kosa la mwanamke mmoja huandikwa kwa jina la wote, kwa hiyo mnajifunza kufunikana. Lakini fikiria habari itakavyosimuliwa kama mgonjwa atafia mezani na ikajulikana kwamba daktari wa uzazi alijua tangu Jumanne ile. Ukimya nao una bei, na anayeilipa hatakuwa Z peke yake.

Sasa yule muuguzi. Umemtaja kwa sentensi moja, mwishoni, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nakuomba umrudie. Ni kijana, hana kikundi cha madaktari 7 nyuma yake, na saini inayokosekana kwenye mistari 19 huenda ilitakiwa kuwa ya kwake. Barua ya kujieleza ina siku za kujibu. Hilo linamaanisha kwamba jambo hili lina tarehe, upende usipende, na pengine tarehe hiyo ni wiki hii.

Tutenganishe unachokijua na unachokikisia. Saini ya shahidi kukosekana peke yake si ushahidi wa wizi. Usiku muuguzi akiwa mmoja kwa wagonjwa 40, saini hurukwa. Ampuli huvunjika kweli. Mama wa kilo 95 akichomwa miligramu 100 kwenye msuli, ganzi ya uti wa mgongo ikiwa imeisha, anaweza kulia kihalali kabisa. Kwa hiyo kama ungekuwa na kitabu tu, ningekuambia nenda taratibu. Lakini uliiona sindano, na yeye mwenyewe alikiri. Hapo tumeshapita kukisia.

Usichokijua ni kiasi na muda. Amekuambia wiki 3, kitabu chako kinaonyesha wiki 6. Simwiti mwongo. Mtu aliye ndani ya uraibu hupunguza hesabu, hata anapojihesabia mwenyewe. Na pethidini ina ubaya wake, ambao wewe ulisomea lakini huenda haukujii ukimtazama rafiki. Mwilini inageuka nopethidini, ambayo hukaa kwa saa nyingi kuliko dawa yenyewe na kujilimbikiza, hasa figo zikiwa na shida. Mikono hutetemeka, misuli hurukaruka, kisha degedege. Naloksoni, dawa ya kuzimua dozi iliyozidi, haizuii degedege hilo. Usisubiri mboni ndogo kama za heroini pia, kwa sababu pethidini mara nyingi haizibani mboni hivyo. Mtazame anapotoa ganzi: sindano inatulia mkononi?

Sitakuamulia la kufanya. Ila mambo mawili hayasubiri uamuzi wako wa mwisho, nami nisingekuwa mkweli nikiyaweka kwenye orodha ya kuchagua. La kwanza, asimlaze mgonjwa usingizi wala asishike ufunguo wa kabati la DDA wakati mnafikiria. Akikubali kuondoka zamu kwa ugonjwa, kwa kuwa ni mgonjwa kweli, mmepata siku mbili tatu. Akikataa, huna siku hata moja, na mlango wa mganga mfawidhi umeshafunguka wenyewe. La pili, asiachwe peke yake baada ya mazungumzo. Daktari wa usingizi aliyebanwa anajua dozi zote na ana mahali pa kuzipata. Saa na siku za kwanza baada ya siri kufichuka ndizo za hatari ya kujidhuru. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, au akikaa kimya kwa namna inayokuogopesha, siku hiyohiyo aonwe na daktari wa magonjwa ya akili, na asiendeshe gari kwenda huko.

Kuhusu namna ya kuzungumza naye, usiende peke yako. Mwite wa Mwanza, au yule ambaye Z hawezi kumpandishia sauti. Nendeni asubuhi, siku asiyotoka zamu ya usiku, wala si wakati ametoka kujichoma au ameanza arosto, yaani mateso ya kukosa dawa. Kwa pethidini arosto huanza mapema, saa 3 hivi tangu dozi ya mwisho, hufika kileleni kati ya saa 8 na 12, na kupungua sana siku ya 4 au 5. Usianze na "nina wasiwasi na wewe", sentensi hiyo ataikwepa kwa neno moja. Mwambie ulichokiona: tarehe, kitanda, mstari wa kitabu, soksi. Kisha mwambie saa inayofuata imepangwaje: nani anampeleka, wapi, nani anamchukua mtoto shule. Mazungumzo ya namna hii huharibika pale watu wanapokwenda na machozi bila gari na bila miadi. Mtu analia, anaahidi, mnakumbatiana, na kesho yuko thieta.

Tuje kwenye njia mlizozitaja.

Muscat naona imetoka kwenye upendo, lakini ina mashimo mengi. Mwezi wa kupumzika humtoa dawa mwilini, haumtibu. Anarudi hospitali ileile, kabati lilelile, mgongo uleule, na mwili uliopoteza uzoevu. Dozi aliyokuwa akiimudu Mei inaweza kumuua akirudi. Watu wengi wenye uraibu wa dawa hizi hufa wakati huo, ambapo ndugu wamesema amepona. Tena nchi za Ghuba zina sheria kali za dawa. Akisafiri na vidonge vya kutuliza arosto mkobani bila karatasi, mmempeleka pabaya zaidi. Kama Muscat itakuwa mahali pa kupumzikia miezi 6 baadaye, akiwa anaendelea na matibabu, hilo ni jambo jingine.

Ipo njia ambayo hukuitaja: aende mwenyewe, wewe ukiwa kando yake. Mtu anayejisalimisha kwa mganga mfawidhi kama mgonjwa, akiwa na barua ya daktari wa akili, husikilizwa tofauti na anayekamatwa na mkaguzi wa dawa. Sikuahidi kwamba ataokoka. Kuchukua dawa ya DDA kunaweza kuwa kosa la nidhamu mbele ya Baraza la Madaktari Tanganyika na la jinai pia, kwa hiyo mwanasheria aingie kabla hajaandika maelezo yoyote. Hapo ndipo milioni 9 zenu zinaweza kufanya kazi nzuri kuliko kitenge. Hatari ya njia hii ni kwamba inamtegemea yeye, na anaweza kukuomba "Jumatatu" tatu mfululizo. Mkiiendea, mpeni saa maalumu, siyo siku.

Ya tatu ni wewe kwenda bila ridhaa yake. Utampoteza kwa muda, pengine kwa muda mrefu. Huenda kikundi kikagawanyika, kwa kuwa wapo watakaoona umevunja sanduku lenyewe. Ukienda, sema ulichokiona kwa macho yako, usitafsiri, na omba mambo mawili yaandikwe: kwamba unaripoti ugonjwa, na kwamba muuguzi yule asiadhibiwe kabla kitabu chote hakijakaguliwa.

Wengine huchagua upande wa kitabu: kumwomba mfamasia akague dawa za DDA kwa idara nzima, bila kutaja jina. Inaonekana ya heshima. Shida yake ni kwamba ukaguzi usio na jina huangukia aliye chini, na tayari yuko mmoja. Isitoshe, Z akiuona unakuja, atajua umetoka wapi, na atakuwa peke yake usiku huo.

Kuna makosa ya kimya ambayo nyinyi madaktari hufanya kwa wenzenu, nami nayaogopa kuliko ya watu wasiojua tiba. Msimtibu wenyewe. Msimpe tramadoli impunguzie arosto; ikikutana na pethidini iliyobaki mwilini mnaongeza hatari ya degedege, na mnampa uraibu wa pili. Msimpime mkojo kwa kile kipimo cha kawaida cha mofini cha dukani mkafurahi kikitoka hasi, kwa kuwa pethidini kwa kawaida hakiioni. Kinatakiwa kipimo cha maabara kinachoitafuta yenyewe. Na mgongo wake usisahaulike. Diski ile inauma kweli, na ikiachwa bila mpango wa kuituliza itamrudisha kabatini hata akiwa na nia safi. Apewe mtu wa mifupa na wa mazoezi ya viungo mapema.

Huduma ipo. Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa aina hii, Februari 2011, na vituo vimeongezeka mikoani. Kama methadoni inamfaa au la ataamua daktari wa akili. Ijulikane tu kwamba huko dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na foleni yake ni ya watu wote. Z anaweza kukutana na mgonjwa wake. Aibu hiyo huwafanya madaktari wengi wakimbie wiki ya kwanza. Dada mmoja akisimama naye kwenye foleni, inapungua.

Unaniuliza bila kuniuliza kama ataweza kuwa daktari tena. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2008 ulifuatilia madaktari 802 waliokuwa kwenye programu za matibabu na ufuatiliaji kwa sababu ya pombe au dawa. Baada ya miaka 5, 631 walikuwa na leseni na wako kazini. Waliofutiwa leseni ni 87, waliofariki ni 30. Kwetu hakuna mfumo mpana wa aina hiyo, kwa hiyo usiibebe namba hiyo kama ahadi. Kilichosaidia kule hakikuwa siri. Ni vipimo vya ghafla kwa miaka, kazi chini ya usimamizi, na watu wanaojua. Kwa daktari wa usingizi kuna swali gumu zaidi, kama arudi kwenye dawa zilezile au ahamie eneo lingine la tiba, na hilo lisiamuliwe mwaka huu.

Watu wanaojua. Hapo ninyi 7 mna kitu ambacho hospitali haina. Bosi atabadilika, mganga mfawidhi atahamishwa. Ninyi mmekuwepo tangu akiwa na miaka 20. Gawaneni: mmoja ashughulike na mwanasheria, mmoja na mume wa Z (ambaye lazima aambiwe, na Z achague ni nani wa kumwambia), wawili wapokezane kulala nyumbani kwake usiku 5 za mwanzo. Wawe na naloksoni ya miligramu 0.4, wajue kwamba huenda wakalazimika kuirudia kila dakika 2 hadi 3 huku wakishika njia ya hewa na mtu akitafuta gari la wagonjwa. Nyumba ipekuliwe kwa ridhaa yake: mkoba, buti la gari, kabati la viatu. Na wewe, uliyeona ile soksi, usijipe kazi zote. Mwambie mumeo. Ukishamwambia, utapata mtu wa kukuamsha usiku ukiota chumba kile.

Akikuita msaliti, na nadhani atakuita, usibishane naye siku hiyo. Ulimnunia wiki nzima, unakumbuka. Kaa tu karibu na mlango.

Leo kabla ya zamu kuisha, mtafute yule muuguzi, umuulize barua yake inataka majibu lini. Kisha mpigie wa Mwanza umtajie tarehe hiyo, na muulizane nani atamchukua binti wa Z shule siku mtakayokwenda.